Mwezi Umeongezeka Uzito, Pilau Yangu Imepoa

Mimi ni mtu wa ghala. Naingia kazini saa nne usiku, natoka alfajiri na mgongo umekakamaa kama ubao wa kufulia. Ninachokitaka katika dunia hii si kikubwa: sahani ya pilau, kachumbari yenye pilipili, na saa moja ya televisheni bila mtu kunielimisha.

Sasa hesabu tuliomo humu. Leicester, Uingereza, vyumba viwili. Mke wangu, Salma wa miezi mitatu, mama mkwe aliyetoka Pangani kuja kumlea mzazi, na shemeji yangu, kaka mtu, aliyekuja kwa wiki mbili mwaka juzi.

Shemeji ni mshabiki wa Doctor Who, tamthilia ya Uingereza ya msafiri wa wakati aitwaye Daktari. Si mtazamaji, nasema mshabiki. Mtazamaji huangalia, akacheka, akalala. Mshabiki anashika rimoti na kusimamisha picha kila baada ya dakika mbili. Tena ana wenzake wawili wa chuo, na kila Jumamosi viatu vyao mlangoni utadhani kuna hitima.

Jumamosi iliyopita wakarudia kipindi cha mwaka 2014, Kill the Moon. Daktari, enzi hizo ni Peter Capaldi na yale manyusi yake, anampeleka mwalimu Clara na mwanafunzi wake Courtney mwezini, mwaka 2049. Wanakuta mwezi umeongezeka uzito, bahari za duniani zimeumuka, na wanaanga wamekuja na mabomu ya nyuklia 100. Daktari anaingia kwenye ufa, anatoka, anatangaza: huo si mwezi, ni yai. Ndani mna kiumbe cha tani bilioni 1.3 kinachokaribia kuanguliwa.

Mimi nikasema sawa. Yai. Nikachota pilau.

"Simamisha hapo!" akapiga kelele mmoja, mwenye miwani. Akatoa simu, akapiga hesabu. Mwezi una tani bilioni 73, kisha hizo zote uzizidishe mara bilioni moja. Ukiongeza bilioni 1.3 juu yake, ni kama kuweka punje moja ya mchele juu ya lori la tani 30, na hapo umependelea, maana kwa haki ni kipande cha punje. Bahari gani itashtuka kwa punje?

Shemeji akajibu hiyo bilioni 1.3 labda ni nyongeza tu. Mwenye miwani akasema hata kama ni nyongeza, imetoka wapi? Wa pili akadai kiumbe kinakula mwanga wa jua. Wakaanza kugombana kama ganda la mwamba linapitisha mwanga, na mimi hapo kijiko kiko njiani, hakijafika.

Ndipo mama mkwe, aliyekuwa ameshika mtoto kimya kwenye kona, akauliza kama amesikia sawasawa kwamba maji yamejaa kila mahali kwa mpigo. Akaambiwa ndiyo, mama, Daktari kasema.

"Yaliyojaa huku yametoka wapi, nyinyi watoto? Yakijaa kwetu, kwingine yanakupwa. Hata bamvua ni hivyo hivyo. Daktari wenu huyo hajakaa pwani."

Mjane wa mvuvi huyo. Vijana wakanywea, wakaandika. Ndiyo, wanaandika. Wana daftari.

Basi akawa amefunguliwa mlango. Akauliza tena: yai gani linaongezeka uzito? Yeye ameatamisha kuku miaka arobaini, na yai la siku 20 ukilishika mkononi ni jepesi kuliko siku ulipoliweka. Mwenye miwani akatafuta, macho yakamtoka: kweli, yai la kuku hupoteza kama asilimia 12 ya uzito kabla ya kuanguliwa, unyevu unapotelea kwenye vitundu vya ganda. Kwa hiyo mwezi ulipaswa kupungua. Shemeji akashika kichwa kama aliyefiwa.

Mimi nilitamani kubadilisha chaneli. Lakini utambadilishiaje chaneli mama mkwe? Nikala kachumbari peke yake.

Tukaendelea. Clara anazungumza na dunia nzima: mkitaka kiumbe kiuawe, zimeni taa, mkitaka kiishi, ziacheni. Taa za dunia zinazimika. Hapo, Mungu anisamehe, nikaingia mwenyewe.

"Ngoja," nikasema. "Na aliyekatikiwa umeme?"

Wote wakanigeukia. Nikawaeleza: mtu yuko zake Tandale, umeme umekatika tangu magharibi, anapapasa kiberiti, kumbe huko juu amehesabiwa kwamba anataka kitoto cha mwezi kilipuliwe. Na ambaye kwake ni saa sita mchana? Na ambaye hajui Kiingereza, akadhani ni tangazo la sabuni? Isitoshe, baada ya kura zote hizo Clara akabonyeza kitufe akazuia mabomu kivyake. Matokeo tunayo, mshindi mwingine. Mke wangu akapaza sauti chumbani kwamba huo ndio uchaguzi pekee alioufahamu vizuri.

Kipande pekee nilichokikubali bila pingamizi ni Courtney kuua buibui mkubwa wa mwezini, ambaye kumbe ni bakteria, kwa dawa ya kusafishia jikoni. Ile dawa naijua. Mke wangu ameipulizia hata mfuko wangu wa kazi.

Kisha yai likapasuka, kiumbe kikaruka na mabawa yake, na papo hapo kikataga yai jingine, ukubwa ule ule, likawa mwezi mpya. Sebule ikalipuka. Kifaranga kinataga siku ya kuzaliwa! Mtetea mpaka afikishe kama miezi mitano ndipo uone yai! Na yai la ukubwa ule lilikaa wapi ndani yake?

Nikasema, jamani, mzee huyu ana umri wa miaka elfu mbili, anabadilisha sura, anasafiri kwa kibanda cha polisi ambacho ndani ni kikubwa kuliko nje, na hamjawahi kuuliza kitu. Leo yai?

"Shemeji," akaniambia kaka wa mke wangu taratibu, kwa huruma, "kibanda hatujawahi kukifuga."

Wakaanza kuvaa viatu. Saa mbili usiku, pilau nimeiweka kwenye maikrowevu, nimeona nuru. Mama mkwe akamhamishia mtoto bega la pili.

"Baba Salma."

"Naam, mama."

"Hicho kitoto kimetaga kikaondoka zake. Jogoo yuko wapi? Hilo la pili litaanguliwaje bila jogoo?"

Kimya. Kisha nikasikia viatu vikivuliwa tena, kimoja kimoja, na daftari likifunguliwa.

Nikachukua koti. Nilifika ghalani saa moja na nusu kabla ya zamu, na pilau nimeiacha inazunguka.