Ukoo Wenye Kichaa: Jeni Zinachosema na Zisichosema

Posa ikishaletwa, mashangazi huanza kuchunguza ukoo. Iwe Igoma, Magu au Ukerewe, huku Mwanza maswali ni yale yale: kwao wana kifafa? Kuna aliyewahi kupelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili? Jibu likiwa "ndiyo, baba yake mdogo," mara nyingi habari inaishia hapo, na kijana mwenyewe wala haulizwi hali.

Wasomi wa mjini huona huo ni ushamba. Mimi naona mashangazi wana hoja, ila wanaivuta mbali kuliko inavyofika.

Kwamba skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo na ambao wengi huuita kichaa, hufuata damu halina ubishi. Katika watu 100 wa kawaida, karibu mmoja huugua maishani. Mzazi mmoja akiwa mgonjwa, kwa mtoto inakuwa kama 10 katika 100. Mwaka 2022 utafiti uliohusisha wagonjwa zaidi ya 76,000 ulitaja sehemu 287 za vinasaba zinazohusiana na ugonjwa huu. Lakini zigeuze hizo 10 uzione upande wa pili: watoto 90 hawaugui. Hata pacha wa yai moja, mwenye vinasaba vile vile vya nduguye mgonjwa, mara nyingi zaidi hubaki salama. Na wagonjwa wengi hawana mzazi aliyeugua, kwa hiyo uchunguzi wa shangazi ungewapitisha bila shida.

Wengi huteleza kwenye ile asilimia 80 inayotajwa kuwa mchango wa urithi. Hesabu hiyo inaeleza kwa nini watu wa jamii nzima hutofautiana katika hatari ya kuugua. Haina maana kwamba mtoto wa mgonjwa ana nafasi 80 katika 100 za kuugua.

Sasa ubongo. Tafiti kubwa za picha zimeonyesha kwamba, kwa wastani, wagonjwa wana hipokampasi (sehemu ya ubongo inayosaidia kumbukumbu) ndogo kidogo, gamba la ubongo jembamba kidogo, na vyumba vya majimaji vilivyopanuka. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani waliihusisha jeni ya C4 na ugonjwa huu. Katika panya, jeni hiyo husaidia kupunguza viungio vya seli za neva wakati ubongo unakua. Njia kutoka kwenye jeni hadi kwenye ubongo, basi, inaanza kuonekana. Ila neno la kushika ni "wastani". Zichanganye picha za wagonjwa na za wazima, na hakuna daktari atakayezitenganisha kwa kutazama. Dawa zenyewe nazo huweza kuchangia mabadiliko hayo. Ukienda kwa watu wasiougua waliobeba jeni nyingi za hatari, tofauti za ubongo huwa ndogo mno, na tafiti nyingine hazikuziona kabisa.

Linalogusa ndoa zaidi ni lile la tatu, uwezo wa kusoma nia ya mwenzako. Pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, mama anayenunua dagaa hasikilizi bei peke yake. Anaangalia kama muuzaji anachota kiganja cha mfano juu ya gunia au chini. Anaambiwa "dada yangu, hiyo ndiyo bei ya mwisho," na anajua papo hapo kwamba ya mwisho bado. Wagonjwa wengi hupata shida na usomaji wa aina hii, na ndugu zao wazima, kwa wastani tena, huangukia katikati. Ushahidi huo ni wa kweli, lakini tazama ulivyopimwa: kipimo kimoja mashuhuri humwonyesha mtu picha za macho tu, za sura za Kizungu, achague neno la hisia. Yule mama wa Mwaloni angeweza kufeli vizuri sana.

Jeni nazo zimehesabiwa zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo alama za hatari zinazotokana nazo, yaani hesabu ya jeni za hatari alizobeba mtu, hubashiri vibaya zaidi kwa Waafrika. Utafiti wa mwaka 2020 kwa Waxhosa wa Afrika Kusini ulikuwa hatua nzuri, lakini hautoshi kumpimia kijana wa Nyamagana.

Upande wa pili nao una makosa yake. Wapo wanaokataa urithi kabisa: karogwa, basi, apelekwe kwa mfumu, yaani mganga. Kwa kukataa huko, familia yenye historia haimwambii kijana kwamba bangi kwake ni hatari kuliko kwa rafiki zake, na akianza kukesha, kujitenga na kusikia sauti, miezi inapita kabla ya kufikishwa hospitali ya Bugando. Kati ya makosa hayo mawili, hili ndilo naliogopa zaidi, kwa sababu mtu aliyecheleweshwa matibabu hupona kwa shida.

Kwa hiyo swali la baba mdogo liulizwe, ila lisiwe la kuvunjia posa. Likishajibiwa, mashangazi wamwulize kijana mwenyewe: ana umri gani, maana wanaume wengi huanza kuugua kabla ya miaka 30, anavuta nini, analala vipi, na baba yake mdogo huyo, je, anapata dawa?