Siku ya Pili Ndiyo Mtihani: Mguu Uliovunjika na Safari Ndefu ya Miguu

Mtu aliyevunjika mguu huku safari ndefu ya miguu ikimsubiri kwenye kalenda huwa anangoja jambo moja: daktari atazame eksirei na kusema mfupa umeunga. Akishaambiwa hivyo, siku hiyohiyo anatoa begi kabatini. Kwa maoni yangu hapo ndipo mipango mingi inapoharibikia. Eksirei inaonyesha kwamba mfupa unaweza kubeba uzito. Haionyeshi kama shavu la mguu lina nguvu ya kukusukuma kilomita 20, kama kifundo kinakunja vya kutosha kupanda mwinuko, wala kama kesho yake utaamka ukaweza kurudia yaleyale. Siku ya kwanza wengi huimaliza, hata wasio tayari, kwa kuwa hamasa inawabeba. Siku ya pili kifundo kimevimba na ule mguu mzima umechoka kwa kushika zamu ya mwenzake. Kipimo ninachokiamini mimi ni siku mbili mfululizo.

Muda wa mfupa wenyewe unajulikana vizuri. Ufa mdogo kwenye mfupa wa nje wa kifundo, usiohama mahali pake, huunga kwa wiki 6 hadi 8. Muundi uliovunjika katikati huchukua miezi 4 hadi 6, na mfupa wa paja karibu hivyohivyo. Mfupa wa wayo unaoelekea kidole kidogo ni msumbufu ukivunjika karibu na shina lake, kwa kuwa sehemu hiyo hupata damu kidogo. Anayevuta sigara ajue anauchelewesha mfupa wake mwenyewe.

Kinachosahaulika ni kwamba wakati sehemu moja inaunga, sehemu nyingine zinadhoofika. Misuli huanza kusinyaa ndani ya siku chache za kutotumika. Mifupa mingine ya mguu huohuo nayo hupungua uimara kwa sababu haibebi kitu, na mfupa hujijenga pale unapobebeshwa. Ndiyo maana mtu aliyevunjika muundi anaweza kurudi barabarani kwa pupa akapata ufa mpya kwenye mifupa ya wayo, sehemu ambayo haikuwahi kuguswa. Dalili yake ni maumivu ya mahali pamoja unapoweza kupagusa kwa ncha ya kidole, yanayozidi kadiri unavyotembea; mwanzoni hutulia ukipumzika, lakini ukipuuza yanaweza yasitulie hata ukilala. Eksirei ya mapema inaweza isionyeshe chochote kwa wiki 2 hadi 3, kwa hiyo picha safi isikupe kiburi cha kuendelea.

Piga hesabu uone ukubwa wa kazi. Hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 70. Kilomita 20 ni hatua zaidi ya 28,000, na nusu yake, yaani 14,000 na ushei, zinaangukia mguu uliovunjika. Kila mara mguu huo unapokea uzito wote wa mwili na zaidi kidogo, pamoja na begi. Kazi ya kuusukuma mzigo huo mbele kwa sehemu kubwa ni ya shavu la mguu, na hilo ndilo huwa limeisha kabisa plasta inapotolewa.

Kulipima ni rahisi. Simama pekupeku mbele ya ukuta, ncha za vidole vya mkono zikiugusa ili usiyumbe tu. Simama kwa mguu mmoja, goti limenyooka, inua kisigino hadi juu kabisa kisha ushushe: sekunde moja kupanda, moja kushuka. Hesabu inakoma pale kisigino kinaposhindwa kufika kimo cha mwanzo, goti linapoanza kukunja ili kusaidia, au mwili unapouegemea ukuta. Anza na mguu mzima ili upate namba ya kulinganisha. Mguu uliotoka kwenye plasta mara nyingi huinuka mara mbili tatu, au hauinuki kabisa. Kwa safari ya siku kadhaa ningetaka kuona 25, au walau asilimia 90 ya namba ya mguu mzima.

Kufika huko, anza na miguu miwili, seti 3 za mara 15. Zikiwa nyepesi, panda kwa miguu miwili ushuke kwa ule mmoja, taratibu, kwa sekunde 3. Halafu mguu mmoja, seti 3 za mara 8, ukiongeza polepole hadi 15. Ukifika hapo, vaa begi lenye kilo 5, kisha uzito ule utakaoubeba safarini. Nusu ya seti zifanye goti likiwa limekunjwa kidogo, maana msuli wa ndani wa shavu, ule bapa usiochoka upesi, hufanya kazi zaidi goti likikunjwa, na katika mwendo mrefu huo ndio tegemeo. Fanya siku moja, pumzika siku moja. Tegemea wiki 8 hadi 12. Hakuna dawa ya kupaka wala soksi ya kubana itakayofupisha muda huo.

Kifundo kina kipimo chake. Elekeza wayo ukutani, kisigino kikiwa chini muda wote, sukuma goti mbele hadi liguse ukuta. Rudisha wayo nyuma kidogo kidogo mpaka ufike mahali pa mwisho ambapo goti bado linagusa na kisigino hakijanyanyuka. Pima kutoka ncha ya kidole gumba hadi ukutani. Watu wengi wazima hupata kama sentimita 10, lakini kilicho muhimu ni tofauti kati ya miguu yako miwili. Ikizidi sentimita 2, mwendo wako utaharibika hata kama huoni: kisigino kinanyanyuka mapema, wayo unageukia nje, uzito unahamia mbele, na malengelenge yanatokea chini ya vidole. Kwenye mwinuko ni mbaya zaidi, kwa sababu mlima unadai kifundo kikunje kuliko tambarare.

Hapa kuna jambo ambalo watu hulikosea. Ukisukuma goti mbele, sikiliza kinachokuzuia kiko wapi. Ukihisi mvuto nyuma, kwenye shavu na kano ya kisigino, basi kunyoosha kunafaa: sekunde 30, mara 3, asubuhi na jioni. Ukihisi kubanwa mbele ya kifundo, kama kuna kitu kimekwama katikati, kunyoosha shavu hakutasaidia na kunaweza kukuudhi zaidi. Hapo ni kiungo chenyewe, na mtaalamu wa fiziotherapia anapaswa kukishughulikia kwa mikono. Wakati unasubiri, kipande cha sponji ngumu cha milimita 5 au 6 chini ya kisigino, ndani ya viatu vyote viwili, hupunguza mbano huo.

Tuje kwenye kutembea. Kanuni yangu ya kwanza ni kwamba umbali wako wa leo unaishia pale unapoanza kuchechemea. Kilomita za kuchechemea zinafundisha mwili mwendo mbovu na kuchosha goti na nyonga ya upande wa pili. Mwenye kuchechemea mara nyingi hajijui, kwa hiyo tumia masikio. Tembea mahali pagumu na patulivu usikilize mdundo wa hatua. Ukisikia mguu mmoja unadunda kwa sauti zaidi, au mapigo hayana nafasi sawa, mmoja mrefu na mmoja mfupi, unachechemea. Mtu akikupiga video kwa simu kutoka nyuma atakuonyesha yaliyobaki.

Wanaotumia bado gongo moja walishike mkono wa upande wa mguu mzima. Wengi hulishika upande wa mguu mbovu na kuuinamia, na tabia hiyo hubaki hata gongo likiachwa.

Anza na dakika 10 kwenye tambarare, mara mbili kwa siku. Ongeza dakika 5 kila baada ya matembezi mawili au matatu yasiyoleta shida. Shida naipima hivi: maumivu yasizidi 3 kati ya 10 ukiwa njiani, na asubuhi yake yawe yamerudi kama yalivyokuwa. Pima pia uvimbe kwa utepe wa cherehani, juu tu ya vifundo, asubuhi kabla hujashuka kitandani au kuzunguka. Uvimbe wa jioni ni wa kawaida kwa miezi kadhaa baada ya kuvunjika, tena usikutishe. Wa asubuhi ukizidi kipimo cha jana kwa sentimita moja, mguu unakuambia jana ulizidisha: rudi hatua moja nyuma.

Ile kanuni ya kuongeza asilimia 10 kila wiki inarudiwa sana, na mimi siithamini kiasi hicho. Kwa mtu anayetembea kilomita 2, asilimia 10 ni mita 200, mwendo wa konokono usio na sababu. Kwa anayetembea kilomita 60 kwa wiki ni kilomita 6, na kwa mguu unaopona huenda zikawa nyingi. Asubuhi ya kesho ni mwamuzi bora. Jambo jingine: ongeza kitu kimoja tu kwa wakati. Wiki ya kuongeza umbali si wiki ya kuongeza uzito wa begi, wala ya kuhamia kwenye milima.

Mteremko ndio unaostahili woga. Kushuka kunadai paja lishikilie mwili unapoanguka, hatua kwa hatua, na paja lililosinyaa hulitupia goti kazi hiyo. Waliowekewa chuma ndani ya muundi kupitia chini ya goti wawe makini mara mbili, kwa sababu maumivu ya mbele ya goti ni kawaida kwao. Zoezi lake ni ngazi ya sentimita 15, baadaye 20: simama juu kwa mguu uliovunjika, shusha kisigino cha mguu wa pili hadi kiguse sakafu bila kuutua uzito, kwa sekunde 3 au 4, kisha panda. Nyonga zibaki sawa na goti lisiangukie ndani. Seti 3 za mara 10. Ukishalimudu ukiwa na nguvu, lifanye mwisho wa matembezi, ukiwa umechoka, kwa sababu miteremko ya safarini huja hivyo.

Fimbo za kutembelea zisaidie, ila ziwe mbili. Kwenye tambarare kiwiko kifanye pembe mraba; kwenye mteremko ziongeze sentimita 5 hadi 10 uziweke chini kabla ya wayo kutua. Viatu virefu vya kubana kifundo sivipi sifa vinavyopewa. Kiatu hakiwezi kufanya kazi ya misuli ambayo haipo, na kwa mwenye pleti na skrubu upande wa nje wa kifundo, ukingo wa kiatu hukaa juu kabisa ya vichwa vya skrubu, mahali ambapo ngozi ni nyembamba. Kilomita 15 zinatosha kuchubua. Dawa yake ni sponji ya milimita 6 hadi 8 iliyokatwa umbo la duara lenye tundu katikati: tundu likae juu ya kivimbe, ukingo ubebe mgandamizo. Ruka tundu la kamba lililo karibu na hapo. Na viatu vijaribiwe jioni, mguu ukiwa umevimba, ukiwa na soksi zilezile za safari.

Kuhusu kutoa vyuma: usipange vitolewe muda mfupi kabla ya safari ukidhani unajipunguzia kero. Skrubu zikitoka huacha mashimo, na mfupa wenye mashimo hubaki dhaifu kwa wiki kadhaa hadi miezi mpaka yajazike. Kama havikuumizi sana, safiri navyo.

Wala usimeze dawa za maumivu ili uweze kutembea. Ukizima maumivu umezima kipimo chako cha pekee njiani. Shavu likivimba upande mmoja, likawa la moto na kuuma hata ukiwa umekaa, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwani huenda ni damu iliyoganda ndani ya mshipa. Likiambatana na kukosa pumzi au maumivu ya kifua, hiyo ni dharura. Maumivu yanayobaki palepale palipovunjika kila ukikanyaga, miezi mingi baadaye, yanataka daktari wa mifupa.

Sasa tarehe. Weka siku ya uamuzi wiki 4 kabla ya kuondoka, kabla ya malipo yasiyorudishwa kama inawezekana. Kufikia siku hiyo uwe umetembea siku mbili mfululizo, kila moja robo tatu ya umbali wa siku ya kawaida ya safari, begi likiwa na uzito kamili na njia ikiwa na mteremko. Kwa safari ya kilomita 20 kwa siku, hizo ni 15 na 15. Asubuhi ya siku ya tatu uinue kisigino kwa mguu mmoja angalau mara 15 na ushuke ngazi bila kushika ukuta. Ukishindwa, sisemi ufute. Punguza siku kuwa kilomita 12, tuma mzigo kwa gari ikiwezekana, na weka siku ya mapumziko mara baada ya siku ya pili, badala ya katikati ya safari kama wengi wanavyofanya. Ukishindwa hata kilomita 10 mara mbili mfululizo, ahirisha. Kwa kifundo kilichofungwa plasta ningehesabu miezi 3 hadi 4 tangu plasta itolewe; kwa muundi uliovunjika katikati, miezi 8 hadi mwaka tangu ajali.

Ukienda, weka alama kwenye ramani kila mahali njia inapokutana na barabara ya gari, na mwonyeshe unayetembea naye. Mkubaliane kabla ya kuondoka kwamba akikuona unachechemea kwa nusu saa, mnatoka kwenye alama inayofuata bila majadiliano.