Elimu ya Polisi: Ianzie kwa Konstebo au kwa Ofisa?

Mahakama ya Rufani ya Tanzania inapomwachia huru mtu aliyefungwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha au dawa za kulevya, lawama humwangukia jaji. Ukiisoma hukumu, mara nyingi unakuta kesi ilishaharibika siku ya kwanza, kwa askari wa zamu. Kwa hiyo wanaobishana kama polisi waingie kazini na shahada ya sheria, jinai au utawala, au kama depo ya Moshi, chuo cha mafunzo ya awali ya polisi, inatosha na mengine yatapatikana kituoni, wajiulize kwanza ni askari yupi anayeishika kesi ikiwa bado mbichi.

Upande wa shahada una hoja nzito. Tangu Sheria ya Makosa ya Mtandao na ile ya Miamala ya Kielektroniki zilipopitishwa mwaka 2015, mpelelezi anatakiwa aeleze ujumbe wa simu ulitoka kwenye kifaa gani, ulihifadhiwaje na nani angeweza kuuchezea. Hayo hayafundishwi kwenye gwaride. Somo la utawala nalo lina kazi yake. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa mkuu wa mkoa au wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani kwa muda usiozidi saa 48, lakini kwa masharti: awe ametenda kosa linaloruhusu mtu kukamatwa, au awe anahatarisha amani kwa namna isiyozuilika ila kwa kumshikilia. Askari asiyeyajua masharti hayo hupokea simu na kufungua lokapu. Anayeyajua huuliza kosa ni lipi, kisha huandika kitabuni saa aliyompokea mtu huyo, kwani saa hiyo isipoandikwa hakuna atakayejua zile 48 zimeisha lini.

Upande wa pili nao usipuuzwe. Shahada nyingi hufundishwa kwa Kiingereza, ilhali mlalamikaji na mtuhumiwa huandikwa maelezo kwa Kiswahili, ambacho tangu marekebisho ya 2021 ndicho lugha ya mahakama. Anayejua kuichambua nadharia ya uhalifu kwa kurasa 10 anaweza kushindwa kuandika maelezo ya ukurasa mmoja yanayosomeka. Tena mhitimu ana kila sababu ya kutafuta nafasi ofisini. Anayefika eneo la tukio saa 8 usiku hubaki kuwa konstebo.

Huyo konstebo anatakiwa ajue nini? Aanze na saa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inatoa muda wa saa 4 za kumhoji mtuhumiwa tangu alipokamatwa. Muda wa kumsafirisha hadi kituoni hauhesabiwi, na zikihitajika saa zaidi lazima ziombwe na kuongezwa kwa utaratibu. Askari akiandika maelezo ya onyo, yaani maelezo ya mtuhumiwa baada ya kuonywa kuhusu haki zake, kesho yake asubuhi bila nyongeza hiyo, na bila kueleza saa zilikwenda wapi, wakili atayapinga, na hapo upande wa mashtaka unaweza kupoteza ungamo ambalo kesi nzima iliegemea.

Kisha kielelezo, yaani kitu kinachopelekwa mahakamani kama ushahidi. Katika rufaa ya Paulo Maduka na wenzake, namba 110 ya 2007, Mahakama ya Rufani ilidai maandishi yanayofuatana: nani alikamata, nani alitunza, nani alimkabidhi nani, nani alipima. Unga wa dawa za kulevya uliokamatwa Ijumaa na kufika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali Jumatano, bila sahihi ya aliyekaa nao siku zote hizo, ni unga wa mashaka. Hukumu za baadaye zimelegeza sharti hilo kwa vitu ambavyo si rahisi kubadilishwa mkono kwa mkono, na ni sawa kabisa. Unga haumo humo.

Halafu utambuzi, yaani shahidi kumtambua mshambuliaji. Tangu hukumu ya 1980 katika kesi ya mtu aitwaye Waziri Amani maswali yanajulikana: shahidi alimtazama mtu kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga gani, na je, alimfahamu kabla? Kuandika “kulikuwa na mwanga wa taa” hakutoshi. Taa ya aina gani, ilikuwa wapi, ilimulika upande gani? Jina au wajihi wa mshambuliaji uandikwe katika maelezo ya kwanza kabisa, maana jina linalozuka baada ya wiki halina uzito.

Haya hayahitaji miaka mitatu ya chuo kikuu. Yanahitaji wiki kadhaa za mazoezi yenye kusahihishwa kwa ukali, kwa kutumia majalada halisi yaliyoshindwa mahakamani, majina yakiwa yamefutwa. Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti yake Julai 2023, na tangu hapo mageuzi ya polisi yanazungumzwa hadharani. Kama fedha ni chache, tungezipeleka depo kwanza, kisha kwenye stashahada za chuo cha polisi cha Kurasini na chuo cha mahakama cha Lushoto. Shahada ziwe za wapelelezi wa fedha, mtandao na maabara, wapewe wakiwa tayari kazini. Tunakiri gharama yake: ofisa wa juu asiye na elimu pana ya katiba anaweza kumwamuru konstebo huyo mwenye ujuzi avunje kila alichofundishwa. Kwa hiyo sheria ya amri na mipaka yake iwe sharti la kupanda cheo kuanzia ngazi ya mkaguzi wa polisi, na mtihani wake usahihishwe na watu wasio wa jeshi hilo.