Bi Mkubwa na Jiki

Fujifilm waliacha kutengeneza FP-100C, filamu ya picha za papo hapo ambayo karatasi ya picha na negativu hutoka vimegandana kisha unaviachanisha, mwaka 2016, na pakiti zilizobaki duniani zinauzwa kwa bei ya kumtoa mtu jasho. Zangu nilizipata kwa mzee mmoja wa picha za pasipoti aliyefunga studio, mwenye ile kamera ya lenzi nne: ukinuna, unanuna mara nne. Miaka yote alikuwa akimpa mteja karatasi yake, na negativu, nyeusi na yenye kunata, anaitupa kwenye ndoo ya taka. Nilipomwambia kwamba mie nazitaka hizo hasa, alinitazama kama mtu aliyekuja dukani kununua maganda ya ndizi.

Negativu ya FP-100C ina pande mbili zisizopatana. Mbele kuna utando wa picha, laini, umepakaa mabaki ya dawa. Nyuma kuna rangi nyeusi ya kuzuia mwanga, hata ukiinua juani huoni kitu. Kinachoitoa hiyo nyeusi, ubaki na negativu ya kuchapishia picha tena, ni jiki. Lakini utando wa mbele umeshikwa na jelatini, na jiki ikikutana na jelatini haiachi kitu. Kwa hiyo unaiacha negativu ikauke kabisa, unailaza kifudifudi juu ya kioo, unaziba kingo zote nne kwa selotepu pana na kuisugua kwa ukucha isiache hata upenyo wa sisimizi. Ndipo unamwaga jiki mgongoni. Ile nzito ya chooni ni bora, maana nyepesi hupenya chini ya selotepu. Unasubiri kama dakika moja, unasugua taratibu na sponji mpaka nyeusi ivuke, unasuuza kwa maji mengi jiki yote iishe, na hapo tu ndipo unabandua. Mbele unaosha kwa maji ya uvuguvugu, unaitundika. Glavu mkononi muda wote.

Basi tukaenda Nungwi, Unguja, mimi na kijana msaidizi wangu, kuwapiga picha mafundi wa majahazi. Pwani na filamu hii hawapendani. Chembe moja ya mchanga ikiingia kwenye rola za kamera, kila picha inatoka na kidoa kilekile, kinajirudia kwa umbali uleule, kwa hiyo kila baada ya pakiti unafuta rola kwa kitambaa chenye maji. Halafu joto. Kwa nyuzi 25 unasubiri sekunde 120 kabla ya kuachanisha. Jua likipanda muda unapungua, na ukizembea rangi zinaharibika. Unavuta kijikaratasi cheupe kwanza, kisha cha njano, moja kwa moja bila kusita. Ukisita katikati, dawa inasita nawe, na unapata mstari kwenye paji la uso la fundi. Pakiti zilizopitwa na muda zina hila nyingine: dawa imeanza kukauka pembeni, picha inatoka na kona zilizoliwa.

Tukaachanisha kivulini, chini ya jahazi lenyewe. Karatasi tukawagawia mafundi papo hapo, ndiyo malipo yao, na negativu zikaenda kwenye boksi la keki, kila moja kwa kibanio chake kwenye uzi, zisigusane. Jioni tukaziweka kwenye chumba cha nyumba tuliyofikia, na pembeni tukapanga vifaa vya kesho yake: chupa ya jiki, sponji, glavu. Mwenye nyumba, Bi Mkubwa, akamuuliza kijana, "Na hivi vyeusi vinavyonuka ni nini?" Kijana akajibu kwa adabu zote, "Vinasubiri kuoshwa na jiki, bibi."

Jibu sahihi. Halikuwa na kosa hata moja.

Asubuhi tukaondoka mapema kuwahi mwanga, tukapiga pakiti nyingine: fundi akitoboa ubao kwa keekee, mwingine akitia kalafati, pamba na mafuta vikiingia kati ya mbao kwa nyundo. Tuliporudi, kamba ya nguo ya uani ilikuwa na kanzu ya mzee, fulana mbili, na vipande vya plastiki vinang'aa juani, vimebanwa kwa mpangilio mzuri sana.

"Shikamoo Bi Mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Vile vyeusi vyako vimenitoa jasho, lakini vimekubali."

"Vimekubali nini?"

"Vimetakata! Nimeviroweka tangu alfajiri kwenye beseni, nikavisugua huku na huku. Jiki iliyobaki nikamalizia kanzu ya mzee."

Akashusha kimoja, akakiinua mbele ya uso wake anionyeshe kazi. Nikamwona vizuri mno, mpaka jino la dhahabu. Kijana akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu. Utamwambia nini mtu aliyeamka alfajiri kukusaidia? Nikasema ahsante, Mungu akuzidishie.

Tukashika njia kuzitafuta karatasi, angalau tuzipige picha upya. Fundi wa kwanza yake kaishaipeleka kwa mchumba, Pemba. Wa pili kaipigilia kwenye taruma la jahazi, msumari umepita katikati ya kofia. Wa tatu alikuwa nayo mfukoni, pamoja na kitambaa cha sifa. Asiyejua sifa ni nini aulize harufu yake: mafuta ya ini la papa, ya kupakia vyombo. Ile picha mpaka leo ukiishika unanawa mikono.

Negativu moja tu ilisalimika. Ilidondoka kwenye kibanio usiku, ikanasa kwa dawa yake kwenye kifuniko cha boksi, Bi Mkubwa hakuiona. Tukaibandua kwa maji, taratibu. Ilikuwa picha ya majaribio: kijana wangu kashika kipima mwanga chini ya kidevu, macho kafumba, mdomo wazi, anapiga mwayo. Nyuma yake jahazi lote, zima, kwa mwanga ambao hatukuupata tena.

Tukaiacha ikauke, tukanunua jiki nyingine, tukaketi uani na kioo, selotepu pande nne, kila kitu kwa utaratibu. Nyeusi ikavuka yote bila kidonda. Nikasuuza, nikabandua, nikaosha mbele, nikaiinua juani: ukali wake, hata nyuzi za pamba za kalafati zinahesabika. Bi Mkubwa akaja akasimama nyuma yangu, akaikodolea macho, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Hiyo haijatakata, mwanangu. Ina sura ya mtu. Ilete."