Sheria ya kuotea (ofsaidi) mnaijua lakini?

Jamani hivi kwani lazima kila mtu abishe? Juzi nipo zangu kijiweni na kahawa na kashata, tunaangalia mechi, mpira umerushwa toka pembeni straika kaupokea huko nyuma ya mabeki kafunga, jamaa mmoja karuka anapiga kelele ofsaidi ile ofsaidi, refa kala hela! Nikamwambia kwa upole tu, kaka mpira wa kurusha hauna ofsaidi, kama kona isivyokuwa nayo na goli kiki pia, ipo kwenye sheria namba 11. Weee! Si akanigeukia, "we ulicheza timu gani?" Sasa mimi kutojua kupiga hata danadana 3 kunabadilishaje sheria? Na kijiwe kizima kikawa upande wake, kisa ana sauti.

Halafu huyu huyu ndo anabishaga kwamba mkono ukizidi beki umeotea, wakati mkono hauhesabiwi kabisa, hata VAR, wale marefa wa video, wakichora mistari yao wanaishia usawa wa kwapa. Ukimtolea simu umwonyeshe anasema hayo ya gugo. Ya gugo! Yeye yake kayatoa wapi, kwenye mkeka wa kubeti uliochanika?

Mzee wa kahawa akaniambia "mwanangu kunywa, inapoa hiyo." Nikanywa, nikalipa, nikasepa.

Leo nimepita pale nimemkuta jamaa kazungukwa na watu, anachambua riba za benki.