Dawa ya Zamani, Virusi Vipya

Wanaotaka dawa zilizozoeleka zitumiwe haraka dhidi ya virusi vya mlipuko wana hoja nzito, hasa kwetu Kisumu, ambako dawa mpya huchelewa kufika na ikifika bei haishikiki, ilhali deksamethasoni, dawa ya steroidi inayotuliza uvimbe, ni rahisi na ilikuwapo tangu zamani. Juni 2020, jaribio la RECOVERY la Uingereza lilionyesha kwamba miligramu 6 kwa siku zilipunguza vifo vya Korona kwa takriban thuluthi moja miongoni mwa waliopumulia mashine, na kwa kiasi cha moja ya tano kwa waliopewa oksijeni pekee.

Hata hivyo, wagonjwa wasiohitaji oksijeni hawakufaidika. Anayekohoa nyumbani akainunua dukani hubaki na madhara matupu: hupandisha sukari, hudhoofisha kinga na, kwa mwenye minyoo ya strongiloidi, wanaopenya ngozi kutoka udongoni katika nchi za joto kama yetu, yaweza kuwaachia wasambae mwilini hadi wamuue.

Klorokwini inatufunza zaidi. Wazee wa Nyanza wanaikumbuka pamoja na mwasho wake, kwani ilitibu malaria hadi Kenya ilipoiacha mwaka 1998 kwa sababu ya usugu wa vimelea, na ndiyo maana wengi hawakuiogopa ilipotajwa upya kuwa tiba ya Korona. Lakini usalama ule ulikuwa wa dozi ya siku 3. Huko Manaus, Brazil, baadhi ya wagonjwa mahututi wa Korona walipewa miligramu 600 mara mbili kwa siku, wakikusudiwa kuzimeza siku 10. Vifo vikazidi katika kundi hilo kuliko kwa waliopewa dozi ndogo, mapigo ya moyo yakavurugika kwa baadhi yao, na dozi hiyo ikasimamishwa. Haidroksiklorokwini, ndugu yake klorokwini, nayo haikuokoa maisha katika RECOVERY, na Marekani ikafuta idhini yake ya dharura tarehe 15 Juni 2020, wakati wagonjwa wa lupasi, maradhi ambayo kinga hushambulia mwili wenyewe na ambayo dawa hiyo huyatuliza, walikuwa wamekwisha kuisaka bila kuipata.

Naunga mkono kuzijaribu dawa kongwe, mradi ziwe ndani ya jaribio lenye kundi la ulinganisho, yaani wagonjwa wasiopewa dawa hiyo. Dai kwamba kungoja kunaua halinishawishi, kwa sababu RECOVERY ilianza Machi na jibu la deksamethasoni likatoka Juni. Uwezo huo tunao: chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa Kombewa na Siaya. Tunachohitaji ni itifaki, yaani mipango ya majaribio, na idhini za maadili zinazoandaliwa sasa, kabla virusi vingine havijabisha hodi.