Sifuri Tatu

Ofisini kwetu kila mtu ana kelele yake na tunavumiliana. Kaka wa ugavi anasikiliza mahubiri kwa spika ya simu tangu asubuhi. Dada wa meza ya dirishani anamgombeza msichana wake wa kazi kwa simu, kwa sauti ya kutosha sisi wote kujua kwamba leo mtoto kakataa uji. Printa ikiombwa karatasi moja inalalamika kwanza ndipo itoe. Hayo yote hayana neno. Kibodi yangu mimi ndiyo iliyoingizwa kwenye ajenda ya kikao cha idara, chini ya "Mengineyo".

Ilianza kwa utani. Mama Mhasibu, ambaye meza yake inatazamana na yangu, alikuwa kila nikishika kasi ananiuliza, "Kaka, bisi bado hazijaiva?" Watu wanacheka, na mimi nacheka, naendelea. Baadaye akaacha kucheka. Siku ya kuandaa mishahara alivua miwani, akaiweka mezani taratibu, akasema, "Mdogo wangu, mimi nakuheshimu. Lakini nikikosea mshahara wa mtu leo, huyo mtu namleta kwako."

Aliyekuwa upande wangu ni mzee wa masjala peke yake, ambaye kazi aliianzia kwenye taipureta. Alikuwa anapita makusudi kuja kusikiliza. "Hapo unajua mtu anafanya kazi," anasema, anatikisa kichwa, anaondoka na mafaili yake. Sauti ya mzee wa masjala kwenye vikao ni ndogo.

Kwa wasiojua: hii si ile kibodi bapa inayokuja na kompyuta, yenye utando mmoja wa mpira chini ya vitufe vyote. Hii ni ya mekanika, kila kitufe kina swichi yake, springi yake na kibati chake cha kupitisha umeme. Binamu yangu aliitoa Dubai. Swichi zenyewe zilikuwa za bluu, mtindo uliobuniwa na Cherry ya Ujerumani miaka ya 1980, na hataza zilipoisha viwanda vya China vikafyatua za kwao. Zangu ni hizo za China, na sioni aibu. Ndani ya swichi ya bluu kuna kipande kidogo kilichovishwa kwenye mhimili. Ukibonyeza kinachelewa kidogo, halafu kinafyatuka na kugonga: tak! Ukiachia: tik. Kelele hiyo imewekwa makusudi kabisa. Kitufe kinasafiri milimita 4 mpaka chini, lakini herufi inaingia kikifika milimita 2 na ushee, na ule mlio ndio unaokwambia imeingia. Mtu ukishazoea, kurudi kwenye kibodi ya mpira ni adhabu.

Kwa hiyo sikuwa tayari kuiacha. Niliamua kuinyamazisha.

Nikaanza na oringi, vile vipete vya mpira unavyovisha chini ya kila kitufe ili kisigonge bamba kikifika mwisho. Nikavisha kibodi nzima. Kishindo cha chini kilipungua kweli, ila tak na tik vikabaki palepale, tena sasa vinasikika vizuri zaidi kwa sababu hakuna kinachovifunika. Oringi inazuia kitufe kugonga chini. Yule mgongaji yuko ndani ya swichi, oringi haimfikii.

Dawa yake ni grisi. Wapenzi wa kibodi duniani kote wanaapa kwa Krytox 205g0, grisi nyeupe inayouzwa kwenye kikopo kidogo kwa bei ya kilo kadhaa za nyama. Nikaenda Kariakoo kuitafuta. Kijana wa duka la kompyuta alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nimsubiri, akavuka barabara, akarudi na kopo la kilo moja la grisi ya beringi. "Bosi, hii hata Fuso inatumia." Nikamwambia yangu ni ya kuandikia ripoti. "Basi itadumu," akanijibu.

Nikarudi nyumbani mikono mitupu, na hapo juu ya friji nikaiona chupa ya mafuta ya nazi ya mama mkwe, ya kukamua mwenyewe, imetoka Pangani. Hebu tufikirie pamoja. Mafuta ya nazi tunapaka nywele, tunapaka watoto, bibi yangu alikuwa anapaka bawaba za mlango na mlango ukanyamaza. Swichi ni nini kama si bawaba ndogo?

Ilikuwa Februari, na Dar ya Februari mnaijua. Saa nne usiku feni inazungusha joto lilelile, shati limenata mgongoni, mimi nimekaa sakafuni na swichi 87 kwenye sinia la kuchambulia mchele. Unabana masikio ya swichi kwa bisibisi nyembamba, kifuniko kinachomoka, springi inarukia chini ya kochi, unaifuata kwa tochi. Halafu unapaka: mhimili pande zote, springi, na yule mgongaji mwenyewe. Nilikuwa natumia kibrashi kidogo chenye manyoya laini ajabu, nilichokikuta bafuni. Mke wangu alitoka chumbani, akasimama, akatazama sinia, akatazama chupa.

"Hayo si ya nywele?"

"Yatabaki."

"Na hiyo brashi ya wanja wangu?"

Tuliahirisha mazungumzo hayo.

Lakini jamani, ilikubali! Niliporudisha swichi na kujaribu, ule tak haukuwepo. Kulikuwa na tup ndogo, laini, ya kistaarabu. Zile swichi zilizokuwa na kelele zaidi nilizipa dozi ya ziada, hasa safu ya juu ya tarakimu, maana kazi yangu ni takwimu na hapo ndipo Mama Mhasibu alipokuwa anaumia zaidi. Sifuri niliipaka mpaka ikachuruzika.

Asubuhi nikapanda nayo daladala, begi kifuani, joto la abiria wote linaipasha. Ofisini nikaichomeka, nikaanza kazi. Kimya. Mama Mhasibu aliinua kichwa mara kadhaa. Mwisho akasimama akanichungulia juu ya skrini yake, kuhakikisha kwamba nimo.

Sasa kuna jambo kuhusu kiyoyozi chetu. Kimewekwa nyuzi 18, na rimoti yake ilipotea enzi za mkurugenzi aliyepita. Kinapuliza kipupwe moja kwa moja juu ya meza yangu, ndiyo maana mimi huvaa sweta katika jiji ambalo watu wanalala nje ya chandarua kwa joto. Na mafuta ya nazi, kama anavyojua kila aliyelelewa na bibi wa pwani, huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Mwezi wa saba bibi alikuwa anaianika chupa juani ndipo apate ya kupaka. Nilijua hilo tangu utotoni. Lilikaa sehemu ya kichwa yenye mambo ya bibi, na kibodi ilikuwa sehemu nyingine.

Kijana wetu wa TEHAMA alikuwa anaoa mwezi huo. Kamati ya harusi ilikuwa inakutana chumba cha mikutano saa ya chakula, jedwali la ahadi limetundikwa kwenye projekta, na ambaye hakuweza kuhudhuria alilifungua kwenye kompyuta yake na kujaza mwenyewe. Mimi nilikuwa na ripoti. Nikafungua jedwali, nikatafuta jina langu, nikaandika ahadi yangu: elfu hamsini. Nilipobonyeza ile sifuri ya mwisho, Mama Mhasibu akaniita, "Kaka, leo umefunga?" Nikageuka nikamjibu kwamba nimebadilika. Nikapiga Enta bila kutazama, nikarudi kwenye ripoti.

Kitambo si kitambo, chumba cha mikutano kikalipuka vigelegele.

Nikadhani wameleta chakula. Mlango ukafunguliwa, Mwenyekiti akatoka mbio ndogo za mtu mzima, mikono yote miwili mbele, nyuma yake katibu na wanakamati. Alinikumbatia kwenye kiti changu. "Mwanangu! Watu wanakuona mkimya, kumbe!" Katibu alikuwa anafuta machozi. Dada wa dirishani alimkatia simu msichana wake wa kazi, jambo ambalo sijawahi kuliona. Nami, kwa adabu tu, nikajibu, "Ni kidogo nilichojaliwa."

Sentensi hiyo ilikuja kunigharimu.

Nilipofika mlangoni mwa chumba cha mikutano nikaiona ukutani, kubwa, jina langu na mbele yake 50,000,000. Na chini, bajeti ilikuwa imeshaanza kukua. Ukumbi wa Sinza ulikuwa umefutwa, umewekwa wa ufukweni. Matarumbeta yameongezwa. Mtu alikuwa ameandika "ng'ombe" bila idadi, kwa matumaini.

Mama Mhasibu ndiye aliyevunja shangwe. Alisogea mpaka karibu kabisa na ukuta, akavaa miwani, akaivua. "Huyu?" akasema. "Huyu ninamlipa mimi." Na hapo ghafla kila mtu akanitazama upya, akiwemo bosi aliyekuwa anapita na chai yake. Akauliza kwa upole, upole ule mbaya, "Kijana, una biashara ya pembeni?"

Nikaeleza. Nikasema ni mafuta ya nazi. Nikasema yameganda.

Mwenyekiti alikaa chini. "Mimi nimekuwa mwenyekiti wa harusi nyingi," akasema. "Nimeona watu wanakimbia ahadi kwa msiba, kwa ada za shule, kwa gari kupata ajali. Mafuta ya nazi ndiyo kwanza leo."

Ikabidi nithibitishe. Msafara mzima ukahamia mezani kwangu, bosi akiwa shahidi na chai yake. Nikafungua ukurasa mtupu, nikabonyeza sifuri mara moja, nikainua mkono juu ili wauone. Kitufe kilibaki chini. Watu waliinama kukitazama. Kompyuta nayo, kitufe kikikaa chini, husubiri kama nusu sekunde ikidhani utaachia, kisha huanza kurudia mfululizo: 0, halafu 00000000000, mstari unajaa. Kitufe kikaanza kupanda polepole, kikafika juu, sifuri zikakoma. Nikaking'oa nikawaonyesha ndani: mafuta meupe, yameganda kabisa. Kaka wa ugavi akaingiza kidole, akanusa. "Kweli ni nazi," akawaambia.

"Peleka juani," akaamuru Mwenyekiti, ambaye ni mtu wa Bagamoyo na hadanganyiki kirahisi.

Tukatoka barazani. Kibodi ikawekwa ukingoni, jua la saa saba linaichoma, na kamati nzima ya harusi ikasimama kuizunguka, wengine na sahani za wali. Haikuchukua muda. Mafuta yakaanza kung'aa, yakateremka kwenye kona, yakadondoka tone moja chini. Mwenyekiti akabonyeza sifuri kwa kidole chake mwenyewe. Ikaruka juu mara moja. Akabonyeza tena. Akakifuta kidole kwa leso.

"Mafuta yameshinda kesi," akasema. "Lakini 'ni kidogo nilichojaliwa' hakikuandikwa na kibodi. Hicho umesema kwa mdomo, mbele ya watu, na ahadi ni deni."

Tukajadiliana palepale juani. Mama Mhasibu ndiye aliyenitetea, kwa kutaja hadharani kila kinachokatwa kwenye mshahara wangu, mpaka mkopo wa pikipiki. Tukafunga kwenye laki mbili, mara nne ya nilichokusudia. Ukumbi ukarudi Sinza. Matarumbeta yalibaki, kwa sababu bosi aliona aibu akayalipia.

Kibodi nimeishughulikia kwa utaratibu sasa. Nilipangusa bamba lote kwa spiriti, swichi za bluu nikazitupa, nikaagiza China zile za kimya, ambazo kwenye mhimili wake zina vipande vya mpira vinavyopokea kishindo chini na juu. Hazina mgongaji kabisa. Kitufe kirefu cha nafasi, ambacho ndicho kikubwa kwa makelele baada ya hapo kwa sababu ya waya wake wa kusawazisha, nilikibandika plasta ya kidonda pale waya unapogonga, na tumboni mwa kibodi nikajaza sponji ya godoro. Plasta na sponji ndivyo vilivyofanya kazi kubwa kwa gharama ndogo. Mama Mhasibu ameridhika, isipokuwa analalamika kwamba siku hizi hajui kama niko macho.

Lililobaki ni jedwali. Linatuma ujumbe lenyewe kila Ijumaa kwa wote wenye madeni, na aliyelitengeneza ni bwana harusi, ambaye yuko likizo na simu yake haipatikani. Ijumaa ya kwanza simu yangu ilikuwa mezani, tunakula. Mke wangu ndiye aliyeichukua, akasoma kwa sauti: "Ndugu mpendwa, ahadi yako ni Tsh 50,000,000. Umelipa Tsh 200,000. Salio ni Tsh 49,800,000. Ubarikiwe kwa moyo wako."

Akaisoma tena kimoyomoyo. Akaweka kijiko.

"Huyo bibi harusi," akaniuliza, "ni nani wako?"